Kubalansi milinganyo ya kemia: hesabu unaiweza, kinachokukwamisha ni fomula

Mzani_wa_Shaba (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Huwa nawasaidia vijana wa sekondari somo la kemia, na karibu kila anayekuja analia kilio kimoja: "Kubalansi kumenishinda," yaani kusawazisha idadi ya atomi pande zote mbili za mlinganyo. Nikimpa kalamu aandike mbele yangu, naona kuzidisha anajua, kujumlisha anajua. Shida imeshaingia kabla hajaanza kuhesabu.

Chukua magnesi na asidi ya haidrokloriki. Kijana anaandika hivi:

Mg + HCl → MgCl + H₂

Halafu anabalansi:

2Mg + 2HCl → 2MgCl + H₂

Hesabuni wenyewe. Magnesi mbili kushoto, mbili kulia. Haidrojeni mbili, mbili. Klorini mbili, mbili. Imekaa sawa kabisa, na bado ni kosa, kwa sababu magnesi ina valensi (idadi ya mikono ya kushikana na wengine) 2 na klorini ina 1, kwa hiyo chumvi yao ni MgCl₂. Mlinganyo wa kweli ni huu:

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Hili ndilo limenifanya nilete uzi. Kubalansi hakukuambii kwamba fomula yako ni mbovu. Ukiingiza fomula ya uongo, hesabu itakubali uongo huo bila kinyongo, au itakugomea usijue inagoma kwa nini. Ndiyo maana wanafunzi wangu siwaruhusu kuweka namba hata moja mbele ya kitu chochote mpaka fomula zote ziwe zimekaguliwa kwa valensi, moja baada ya nyingine.

Jambo la pili, nalo ni la msingi: namba ndogo ya chini haiguswi. Ukiwa na

H₂ + O₂ → H₂O

oksijeni ni mbili kushoto na moja kulia. Kishawishi ni kuongeza kijinamba ka 2 pale kwenye O upande wa kulia, iwe H₂O₂, mambo yaishe. Lakini H₂O₂ si maji tena, ni haidrojeni peroksaidi, kitu kinachochubua nywele rangi na kuunguza ngozi kikiwa kikali. Umebadilisha kitu chenyewe badala ya kubadilisha idadi yake. Fikirieni magunia: namba ya mbele ni idadi ya magunia, namba ndogo ni kile kilichofungwa ndani ya kila gunia. Ruhusa uliyo nayo ni kuongeza au kupunguza magunia. Kulifungua moja ukabadilisha kilichomo huna ruhusa.

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Na sababu ya yote haya ni kwamba atomi hazizaliwi wala hazifi ndani ya mmenyuko. Zinaachana na kushikana upya, basi. Antoine Lavoisier, Mfaransa, alipasha moto bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa kabisa, akapima chombo kizima kabla na baada. Uzito haukubadilika, ingawa bati lilikuwa limegeuka unga. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kasi, kwa kuwa sehemu ya hewa ya ndani ilikuwa imeshashikwa na bati. Hiyo ilikuwa miaka ya 1770, kabla ya mtu yeyote kuandika mlinganyo kama tunavyouandika leo. Alama za herufi tunazotumia zilikuja baadaye, kwa kazi ya Msweden Berzelius, mwanzoni mwa karne ya 19.

Leteni maswali na milinganyo inayowasumbua.

Kijana_wa_Maabara

Asante mwalimu. Naanzia chini kabisa. Kwa nini oksijeni tunaiandika O₂ ikiwa peke yake, lakini kwenye MgO inakuwa O tu? Nachanganyikiwa lini niweke hiyo 2.

Mzani_wa_Shaba

Swali zuri sana hili mdogo wangu, wengi wanaona aibu kuliuliza. Kuna elementi saba ambazo zikiwa peke yake zinatembea wawili wawili: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Ukiambiwa "gesi ya oksijeni" au "gesi ya klorini", weka 2 bila kufikiri. Ila zikishaingia kwenye kampaundi, ule uwili unakwisha na kinachoamua sasa ni valensi. Magnesi 2, oksijeni 2, wanatoshana mmoja kwa mmoja: MgO. Kwa hiyo:

2Mg + O₂ → 2MgO

Pima kwa gramu uone. Magnesi 24, oksijeni 16. Kushoto 48 + 32 = 80. Kulia 2 × 40 = 80. Jivu jeupe linalobaki ni zito kuliko utepe ulioanza nao, na ile nyongeza yote imetoka hewani.

Bint_Kemia

Mimi fomula naziweza, naapa. Shida yangu ni nianzie wapi. Ikija kama hii ya butani nazunguka mpaka karatasi inachafuka:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Nikiweka oksijeni sawa, kaboni inaharibika. Nikirekebisha kaboni, oksijeni inaharibika tena.

Fundi_Ioni

Dada, umeanza na oksijeni, ndiyo maana unazunguka. Oksijeni kulia ipo sehemu mbili, kwenye CO₂ na kwenye H₂O, kwa hiyo kila ukiigusa inakuvutia kote. Anza na elementi iliyopo sehemu moja tu kila upande, halafu ile iliyo peke yake, kama O₂ hapa, iache mwisho. Ukibadilisha namba mbele ya O₂ huharibu kitu kingine chochote.

Kaboni: 4 kushoto, weka 4CO₂.
Haidrojeni: 10 kushoto, weka 5H₂O.
Sasa hesabu oksijeni ya kulia: 8 + 5 = 13. Kushoto zinakuja mbili mbili, kwa hiyo unahitaji 13/2.

C₄H₁₀ + 13/2 O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Zidisha yote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Bint_Kemia

Jamani! Yaani hiyo nusu ndiyo nilikuwa naikimbia. Nikiona namba haigawanyiki kwa mbili nafuta naanza upya.

Jiwe_la_Chokaa

Lakini wakuu, sisi tulifundishwa kwamba sehemu haziruhusiwi. Nusu ya molekuli ya oksijeni haipo. Ukiandika 13/2 msahihishaji anakata.

Mzani_wa_Shaba

Jiwe, una hoja, ila tutenganishe mambo mawili. Kama jibu la mwisho umeambiwa namba nzima, andika namba nzima zilizo ndogo kuliko zote, hakuna mjadala. Ila kama hatua ya katikati, sehemu ni njia salama na ya haraka, usiikimbie.

Na si kweli kwamba haina maana. Namba ya mbele inasomeka kwa molekuli, na inasomeka pia kwa moli, yaani fungu la chembe kama 6.02 × 10²³. Nusu ya molekuli ya O₂ haipo, lakini nusu moli ipo, ni kama molekuli 3.01 × 10²³. Mkifika kwenye joto la mwako, thamani hutolewa kwa moli moja ya kile kinachoungua, na hapo mlinganyo wenye 13/2 mbele ya O₂ ndio unaotakiwa. Ukiuzidisha kwa 2 na joto lake linazidishwa kwa 2.

Jiwe_la_Chokaa

Hapo nimekuelewa mkuu. Hiyo ya joto sikuwa nimeiunganisha.

Mpenda_Chumvi

Naomba msaada kwenye hizi zenye mabano. Nikifungua mabano nihesabu atomi moja moja napotea njiani:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Fundi_Ioni

Usiyafungue. SO₄ imeingia nzima na imetoka nzima, ichukulie kama kitu kimoja. OH vilevile. Kushoto kuna Al 2 na SO₄ 3. Basi kulia 2Al(OH)₃ na 3CaSO₄. Hizo Al(OH)₃ mbili zinataka OH 6, kwa hiyo 3Ca(OH)₂. Kalsiamu 3 kwa 3.

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

Kama una wasiwasi hesabu oksijeni mwishoni: kushoto 12 + 6 = 18, kulia 6 + 12 = 18.

Mzani_wa_Shaba

Sahihi kabisa. Naongeza tahadhari moja tu: njia hiyo inafaa pale radikali (kundi la atomi kama SO₄ au OH) inapotoka salama upande wa pili. Angalia shaba na asidi ya naitriki isiyo kali:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Hapa baadhi ya NO₃ zimebaki kwenye chumvi ya shaba, nyingine zimevunjika zikawa NO. Ukiichukulia NO₃ kama kitu kimoja utakwama, kwa sababu naitrojeni imegawanyika njia mbili. Hii inabidi uhesabu N peke yake na O peke yake, au utumie elektroni. Kila Cu inatoa elektroni 2. Kila N inayokwenda kwenye NO inapokea 3, maana namba yake ya oksidesheni (hesabu ya elektroni ilizotoa au kupokea) inatoka +5 kwenda +2. Ili zitoshane: Cu 3, NO 2.

3Cu + HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + H₂O

Sasa N kulia ni 6 + 2 = 8, kwa hiyo 8HNO₃, na H 8 zinatoa 4H₂O:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Oksijeni: 24 kushoto; kulia 18 + 2 + 4 = 24. Mnaona raha ya oksijeni kuachwa mwisho? Inageuka kuwa shahidi. Hukuigusa hata mara moja, kwa hiyo ikikubali yenyewe una uhakika na kazi yako.

Hesabu_Kwanza

Wakuu, mimi naona mnajisumbua. Kuna njia ya aljebra inayomaliza kila kitu bila kukisia wala kuhesabu elektroni. Weka herufi mbele ya kila kitu:

a KMnO₄ + b HCl → c KCl + d MnCl₂ + e Cl₂ + f H₂O

K: a = c
Mn: a = d
O: 4a = f
H: b = 2f, yaani b = 8a
Cl: b = c + 2d + 2e, yaani 8a = a + 2a + 2e, kwa hiyo e = 5a/2

Weka a = 2 kufuta sehemu:

2KMnO₄ + 16HCl → 2KCl + 2MnCl₂ + 5Cl₂ + 8H₂O

Klorini kulia 2 + 4 + 10 = 16. Kwisha. Kwa nini mtoto asifundishwe hii tu tangu siku ya kwanza?

Bint_Kemia

Hii ni nzuri mno. Kwa nini hatufundishwi?

Fundi_Ioni

Ni nzuri kweli, naitumia kwenye milinganyo mirefu. Ila "inamaliza kila kitu" hapana. Jaribu hii kwa aljebra mkuu, halafu utuambie umepata jibu gani:

KMnO₄ + H₂O₂ + H₂SO₄ → K₂SO₄ + MnSO₄ + O₂ + H₂O

Hesabu_Kwanza

Nimeifanya. Nimepata mbili, na zote zinakubali:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 5O₂ + 8H₂O

2KMnO₄ + 7H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 6O₂ + 10H₂O

Ya kwanza oksijeni ni 30 kwa 30. Ya pili 34 kwa 34. Haidrojeni 16 kwa 16 na 20 kwa 20. Herufi zipo saba na elementi ni tano, kwa hiyo milinganyo yangu ya aljebra haitoshi kubana jibu liwe moja. Ipi ni sahihi?

Mzani_wa_Shaba

Asante Fundi kwa mfano huu, na asante Hesabu kwa kuufanya kwa uaminifu. Huu ndio unaoonyesha kwamba kubalansi ni kemia.

Hesabuni elektroni. Manganizi inatoka +7 kwenda +2, inapokea 5. Ziko mbili, jumla 10. Kwenye H₂O₂ kila oksijeni ina −1, ikienda kuwa O₂ inakuwa 0, kwa hiyo kila molekuli ya H₂O₂ inatoa elektroni 2. Ili zipatikane 10 zinatakiwa H₂O₂ tano, na zinatoa O₂ tano. Mlinganyo wa kwanza ndio wenyewe.

Ule wa pili umetoka wapi? Toa wa kwanza ndani ya wa pili. Kinachobaki ni:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Yaani peroksaidi inayovunjika yenyewe bila kuihusisha pamanganeti (KMnO₄). Ni mmenyuko mwingine kabisa umepandikizwa juu ya ule wetu. Ungeweza kupandikiza mara ya pili, ya tatu, na kila mara atomi zingekubali. Aljebra inaona atomi peke yake, haioni nani amempa nani elektroni. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye aljebra tupu, kwenye titresheni (kupima ukolezi kwa kumimina kimiminika kidogo kidogo) ya pamanganeti na peroksaidi anaweza kutumia uwiano wa 2 kwa 7 akapata ukolezi wa uongo huku karatasi yake ikionekana safi.

Hesabu_Kwanza

Nimekubali mkuu. Nilidhani herufi zikitoka sawa kazi imekwisha.

Kijana_wa_Maabara

Mwalimu, kwenye milinganyo ya ioni (chembe zenye chaji) nako kuna hatari kama hiyo? Juzi niliandika hii nikakatwa, na kila kitu ni moja kwa moja:

Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu

Fundi_Ioni

Angalia chaji mdogo wangu. Kushoto jumla ni 2+, kulia 3+. Atomi zimetimia ila kuna elektroni moja haijulikani ilikotoka. Kwenye milinganyo ya ioni vitu viwili lazima vilingane, atomi na chaji. Al inatoa 3, Cu²⁺ inapokea 2, zikutane kwenye 6:

2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu

6+ kushoto, 6+ kulia.

Jiwe_la_Chokaa

Na mimi niongeze kitu nilichokiona kwa wanafunzi wengi. Akishabalansi anaamini mmenyuko upo. Mtu anaandika Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂, imekaa sawa, anaweka mstari chini. Tumbukiza shaba kwenye asidi ya haidrokloriki isiyo kali utasubiri mapovu mpaka uchoke. Shaba iko chini ya haidrojeni kwenye mfululizo wa utendaji, haiwezi kuifukuza. Kwa hiyo kabla hata ya fomula, jiulize kama vitu hivyo vinamenyuka.

Mzani_wa_Shaba

Naunga mkono kwa asilimia zote. Hiyo hatua huwa tunairuka kwa sababu mitihani mingi inakupa mazao tayari.

Kabla hatujaendelea, kuna mmoja ninaoupenda kwa sababu unakubali kufikiriwa badala ya kukokotolewa:

Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂

Oksijeni ipo kwenye vitu vitatu, ukianza kuhesabu utachoka. Badala yake jiulize kinachotendeka pale kwenye tanuru la kuyeyushia chuma. Kila CO inanyakua oksijeni moja tu kuwa CO₂. Kwenye Fe₂O₃ kuna oksijeni tatu za kunyakua. Basi CO tatu.

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kwa hoja hiyo hiyo, ukipewa Fe₃O₄ unajua mara moja ni CO nne. Hiyo ndiyo hali ninayotaka kijana aifikie, aone vitu vikihama.

Kijana, nawe nakupa moja, fanya mwenyewe hapa tuone: NH₃ + O₂ → NO + H₂O. Hakiki kwa gramu pia.

Kijana_wa_Maabara

Nimeanza na N, ipo sehemu moja kila upande, 1 kwa 1. H ni 3 kushoto na 2 kulia, zikutane kwenye 6: 2NH₃ na 3H₂O. N sasa 2, kwa hiyo 2NO. Oksijeni kulia 2 + 3 = 5, kushoto inahitaji 5/2. Nimezidisha kwa 2:

4NH₃ + 5O₂ → 4NO + 6H₂O

Gramu: kushoto 4 × 17 + 5 × 32 = 68 + 160 = 228. Kulia 4 × 30 + 6 × 18 = 120 + 108 = 228.

Mzani_wa_Shaba

Hongera, imetoka safi, na hiyo 5/2 hukuiogopa. Huo ni mmenyuko unaofanyika juu ya kichocheo cha platinamu, ni hatua ya kwanza ya kutengeneza asidi ya naitriki viwandani. Bila kichocheo, amonia ikiungua ndani ya oksijeni zao linakuwa N₂ badala ya NO. Vitu vinavyoanza ni vilevile, mlinganyo ni mwingine. Ubalansi na huo.

Kijana_wa_Maabara

4NH₃ + 3O₂ → 2N₂ + 6H₂O

Gramu 68 + 96 = 164. Kulia 56 + 108 = 164.

Bint_Kemia

Mimi nimeipata hiyo hiyo kwa aljebra, halafu nikahesabu na elektroni: N inatoka −3 kwenda 0, nne zinatoa 12, na O₂ tatu zinapokea 12. Fundi, leta nyingine yenye NO₃ inayovunjika. Safari hii asidi iwe kali.

Fundi_Ioni

Haya dada: Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO₂ + H₂O. Anza na elektroni.

Bint_Kemia

Cu inatoa 2, N inatoka +5 kwenda +4 inapokea 1, kwa hiyo NO₂ mbili kwa kila Cu. N jumla 4, H 4 zinatoa maji 2.

Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Oksijeni 12 kushoto. Kulia 6 + 4 + 2 = 12, na sikuwa nimeigusa.